Kitabu Kwenye Gunia la Bujiku

Siku ile mjinga alikuwa Bujiku, na hakuna haja ya kumtafuta mwingine. Yeye mwenyewe anakubali. Ukimkuta kijijini Kasoli siku ya mnada, ameshiba na ameketi vizuri, atakuambia bila kuombwa: "Siku ile nilikuwa mjinga, ndugu yangu. Tena mjinga wa kujitegemea, sikusaidiwa na mtu." Mkewe Shida akiwa karibu humsahihisha hapo hapo: "Alisaidiwa kidogo na majirani."

Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, pamba imejaa majumbani, na wanunuzi binafsi ndio kwanza wameanza kuzoeleka. Zamani, chama cha msingi kilipokuwa mnunuzi pekee, karani alikuwa akizamisha mkono ndani ya gunia mpaka kwapani. Akikuta pamba fifi, ile ya manjano yenye madoa ya wadudu, imechanganywa na pamba safi, unarudishwa nyumbani na gunia lako kichwani, na watoto wa watu wanakuimba njia nzima. Kwa hiyo kila nyumba ilichambua. Sasa wanunuzi walikuwa wengi, wanakimbizana wao kwa wao kama majogoo, na majirani wa Bujiku walikuwa wamekwisha kugundua jambo: mtu anayekimbia hana muda wa kutazama. "Shindilia yote pamoja," walimwambia. "Siku hizi ni soko huria. Fifi na safi zote ni pamba tu."

Bujiku alisikia, akaliweka neno hilo mahali pake. Hakulitumia mara moja kwa sababu nyumbani kwake pamba ilikuwa inachambuliwa bure.

Waliokuwa wakiichambua walikuwa vijana watano, na walichokifuata pale hakikuwa pamba. Walikifuata kitabu.

Kitabu kilikuja na Elizabeth, binti wa karani Januarius, aliyekuwa kidato cha pili katika shule ya bweni ya wasichana mbali huko. Alikiazima maktaba ya shule kwa ajili ya likizo. Rafiki yake tangu darasa la kwanza alikuwa Sayi, binti wa Bujiku. Walimaliza la saba pamoja, wakaketi dawati moja kwenye mtihani, Elizabeth akachaguliwa na Sayi hakuchaguliwa. Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo. Elizabeth aliporudi likizo ya kwanza na sweta la shule, Sayi alilishikashika mkono, akasema ni zuri, wakaendelea na mengine.

Kitabu kimoja kwa watu watano ni tatizo, na walilitatua kama wazazi wao wanavyotatua tatizo la jembe. Vijana wa huko hulima kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu, mwenyeji anatoa chakula, mchelewaji anatozwa faini, na juu yao wote yupo kiongozi anayeitwa nsumba ntale, ambaye neno lake halijibiwi. Basi na wao wakasoma kwa zamu. Leo wanakaa kwa fulani, mmoja anasoma kwa sauti, wanne wanachambua pamba ya mwenyeji huku wanasikiliza. Mwenyeji anatoa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, au chochote kilichopo. Nsumba ntale wao alikuwa msichana, Felisita, mwenye sauti ya kufukuzia ng'ombe, na sheria yake kubwa ilikuwa moja: hakuna kusoma mbele. Kitabu kinalala kwa mwenyeji wa kesho, kimefungwa kamba ya katani, na haramu kukifungua. Anayejua kitakachotokea kabla ya wenzake, huyo ametuibia sote.

Msomaji bora alikuwa Sayi. Elizabeth alisoma haraka, kama anayekimbia mvua. Method, mvulana pekee kundini, alisoma kama anayetoa tangazo la chanjo, na wa tano, mdogo wake Felisita, aliungaunga herufi. Lakini Sayi alikuwa na sauti ya kila mtu aliyemo kitabuni: ya yule mjane aliyedai shamba la marehemu mumewe barazani, ya mashemeji zake wanne, hata ya hakimu mwenye mafua. Akisoma yeye, Felisita husahau kugombeza.

Na Bujiku husahau mpini wa jembe. Alikuwa akiuchonga nyuma ya ukuta, hatua chache kutoka kwenye chanja la pamba, na mpini ule ulikuwa umechongwa kiasi kwamba sasa ungefaa kuwa mwiko.

"Baba Sayi," Shida alimwambia siku moja, "jembe hilo unamtengenezea nani, sisimizi?"

"Nyamaza kwanza, mayu," alijibu, yaani mama kwa lugha ya kwao. "Yule shemeji mdogo anataka kusema uongo."

"Kumbe unasikiliza."

"Sisikilizi. Sauti inakuja yenyewe." Kisha akapaza sauti juu ya ukuta: "Nyie watoto! Mkifika penye machozi mikono inasimama! Nimehesabu, hapo kwenye mazishi hamkuchambua hata konzi moja! Kesho leteni kitabu cha kuchekesha!"

"Ndiyo, baba," wakajibu wote, wakiwa wamezibana pua kwa kucheka.

*

Karani Januarius alipita na pikipiki ya kampuni alasiri moja. Kampuni ilikuwa ya watu wa mbali ambao hakuna aliyewahi kuwaona, lakini pikipiki ilionekana, na ilitosha. Alizima moto mbele ya nyumba ya Bujiku, akavua kofia, akaona binti yake ameketi chini, sketi imejaa vumbi, mapajani ana rundo la pamba fifi.

"Mwadila," alisema, salamu ya huko ya alasiri.

"Mwadila, karani," Bujiku aliitika, akaficha mpini. "Karibu. Mayu, mletee karani kiti."

"Sikai. Eliza, mimi nimekupeleka shule ya bweni ili uje uchambue pamba ya watu?"

"Tunasoma, baba."

"Kwa mikono?"

"Anasoma mmoja kwa zamu, baba," Felisita alidakia, "maana tukikaa bure wazazi wanatufukuza."

Januarius hakuwa mtu mbaya. Alikuwa karani mdogo wa chama cha msingi, chama kikayumba, akapata kazi kwa wanunuzi wapya, na tangu siku hiyo aliishi kama mtu aliyebeba mayai: kila anayemsogelea alimwona anataka kumsukuma. Alikichukua kitabu kutoka mikononi mwa Sayi, akafungua mwanzoni, akaona muhuri wa shule.

"Hiki ni cha serikali. Kimeandikwa jina la Eliza, si lenu. Kikipata baya lolote, atakayeitwa shuleni ni mimi." Akamtazama Sayi, si kwa ukali, lakini kama mtu anavyotazama kamba kuona kama itahimili mzigo. "Someni. Ila nikisikia neno moja kuhusu kitabu hiki, au kuhusu nyumba hii, mwisho. Eliza atashinda nyumbani mpaka shule zifunguliwe. Tumeelewana?"

"Ndiyo, baba," Sayi alisema.

Kabla hajawasha moto alimgeukia Bujiku. "Lori linakuja kesho. Likijaa linaondoka, na sijui litarudi lini. Mwenye pamba awahi."

Pikipiki ilipopotea Sayi hakuendelea kusoma mara moja. Alimsogelea Elizabeth, akasema polepole ili Felisita asisikie, "Usiache kuja."

"Kwani nimesema naacha?"

"Wewe ukirudi shule una vitabu kabati zima. Mimi nina hiki, na ninacho mpaka likizo iishe."

"Desemba nitaleta kingine. Nitaleta viwili."

"Desemba sawa," Sayi alisema. "Lakini kwanza tumalize hiki."

Siku hiyo walisimama pale hakimu mwenye mafua alipokohoa, akasema yuko tayari kutoa hukumu. Felisita akafunga kitabu kwa kamba. Wenzake walimpigia kelele karibu wamrushie pamba, lakini nsumba ntale ni nsumba ntale. Kesho yake zamu ilikuwa bado ya Sayi, kwa kuwa pamba ya Bujiku ilikuwa haijaisha. Kitabu kikalala pale.

Sayi aliweka kitabu kando ya mkeka. Akakiangalia. Akakigeuza kikaangalia upande wa ukuta, kana kwamba kina macho. Kamba ya katani ilikuwa na fundo moja tu, la kawaida, la kufungia mbuzi. Mkono ulikwenda mara moja, akaurudisha. Mwishowe alichukua kitabu, akatoka nacho mpaka kwenye chanja, akakizamisha katikati ya lundo la pamba safi, chini kabisa, mbali na mkono wake mwenyewe. Akarudi kulala akijisifu kwamba ameshinda.

*

Asubuhi Shida alikwenda kisimani, Sayi akapeleka maziwa kwa bibi yake. Bujiku akabaki na chanja.

Upande huu pamba safi, nyeupe kama povu. Upande ule lundo la fifi, kubwa kiasi chake, lililotengwa na mikono ya watoto kwa siku kadhaa. Alisimama katikati. Lori linakuja. Likijaa linaondoka. Na lile neno la majirani alilokuwa amelihifadhi likaamka lenyewe.

Alitundika gunia kwenye mti wa zizi, akaingia ndani yake kwa miguu, akaanza kushindilia. Konzi ya safi, konzi ya fifi. Alipiga mguu kwa wimbo, maana kushindilia pamba bila wimbo ni kama kula ugali mkavu, na alipozoa lile rundo kubwa la katikati kwa mikono miwili hakusikia kitu kigumu, kwa kuwa kilikuwa kimevikwa pamba pande zote kama mtoto mchanga. Alikiingiza, akakikanyaga, akaimba. Halafu akafunga ng'ombe kwenye mkokoteni, akaondoka kabla mkewe hajarudi kuuliza maswali.

Vijana walipofika walikuta chanja limefagiliwa.

"Pamba iko wapi?" Method aliuliza.

Sayi alishika kichwa. Felisita alimtazama, akatazama chanja, akaelewa.

"Uliweka kitabu kwenye pamba?"

"Ili nisikifungue."

"Si ungempa mama yako akufichie?"

"Ningemwomba anirudishie!"

Elizabeth alikuwa ameshaanza kukimbia.

*

Kituo cha kununulia kilikuwa ghala la mabati lenye ua mbele yake. Watu walipanga mstari, kila mmoja ameegemea gunia lake. Bujiku alikuwa ameshafika mbele kabisa, na gunia lake limetundikwa kwenye mizani ya kuning'iniza, ile yenye uso wa duara kama saa ya ukutani. Sayi alijipenyeza mpaka kwake, jasho linamtoka.

"Baba, kuna kitu ndani ya—"

"Shh! Usiongee karani anaposoma mizani. Utampoteza."

"Baba, ni—"

"Sayi! Baadaye!"

Januarius alisoma uzito, msaidizi wake akauandika. Kisha akachukua fimbo ya chuma. Wakulima wengine walikuwa wamejifunza biashara huria kwa njia yao, wanatia mawe na mchanga, na makarani wakajifunza kuchoma magunia. Alichoma juu, ikapita laini. Alichoma chini, ikapita. Alichoma katikati, chuma kikagota kitu.

Ua mzima ulisikia.

"Mwageni," Januarius alisema.

Hakuna aibu kama kumwagiwa gunia lako mbele ya watu waliokukuta kwenye mstari. Walimwaga. Kwanza zikatoka nyeupe, kisha nyeupe na manjano, kisha manjano matupu, na mtu nyuma akapiga mluzi. Halafu kikatoka kitabu, kimefungwa kamba ya katani, jalada lake limetobolewa na chuma.

"Heh!" alisema mzee mmoja. "Bujiku ameanza kuuza elimu kwa kilo."

Watu wakaangua kicheko. Januarius hakucheka. Aliinama, akaona muhuri, akainua uso, na hapo ndipo alipomwona binti yake amesimama pembeni na vijana wenzake, wote wanahema.

"Kitabu cha mwanangu," alisema taratibu. "Mmekitia kwenye gunia kuongeza uzito. Kitabu cha mtoto wangu mwenyewe, ili mniibie mimi."

"Mimi ndiye—" Sayi alianza.

Bujiku alimsogeza nyuma kwa mkono. Alikuwa akimtazama binti yake, miguu ya vumbi na uso ulioparara, na sasa alijua kile alichokuwa akijaribu kumwambia kwenye mstari. Alivua kofia.

"Karani, subiri. Nisikilizeni na nyie mnaocheka. Fifi niliitia mimi. Mtoto hakuitia, mke wangu hakuitia. Watoto hawa waliichambua wakaitenga, mimi nikairudisha kwa miguu yangu hii. Nililotaka kufanya nimelifanya, nikateni bei. Lakini kitabu sikijui kilivyoingia."

Si kila siku mtu husema jambo kama hilo pale, na wengi waliokuwa kwenye mstari waliyatazama magunia yao kwa jicho la wasiwasi.

"Nilikiingiza mimi, baba," Sayi alisema. Sasa alimwambia Januarius moja kwa moja, mikono nyuma. "Nilikificha kwenye pamba jana. Sheria yetu ni kutosoma mbele, na mimi nilitaka kusoma mbele. Nikakiweka mbali ili nisikifikie."

"Umekificha usikione wewe mwenyewe?"

"Ndiyo."

Kicheko kilichotoka safari hii kilikuwa kibaya zaidi, kwa kuwa kilimlenga mtoto. Sayi alibaki wima. Elizabeth akavuka ua mbele ya watu wote, akaja kusimama ubavuni kwake.

"Ni kweli, baba. Hata mimi siku kilipolala kwetu nilikifungia kwenye sanduku, ufunguo nikampa mama. Muulize."

"Eliza, toka hapo."

"Muulize mama."

"Nimesema toka hapo! Fifi nitamkata Bujiku, amekiri, yamekwisha. Lakini kitu kigumu ndani ya gunia ni wizi wa uzito, iwe jiwe, iwe kitabu. Na mtoto wangu hatasoma na nyumba ya wizi. Panda pikipiki."

Ni wakati huo Shida alipofika. Alikuwa ametoka kisimani, amekuta zizi halina mkokoteni, amekuja na kanga yake iliyolowa maji begani. Alitazama pamba ya manjano ardhini, akamtazama mumewe, na mumewe akatazama ng'ombe. Hilo wangelizungumza nyumbani.

"Mwangaluka, karani," alisalimia.

"Mwangaluka, mayu."

"Nimesikia tangu pale njiani. Unasema kitabu kimeongeza uzito."

"Nasema kilichoonekana."

"Mizani si ile pale? Kitundike. Kikivuta mshale, mtoze faini Bujiku, na mtoto wako mchukue, sitasema kitu. Kisipovuta, je?"

Watu wa mstari walifurahi. Walikuwa wamesimama juani tangu asubuhi. "Kitundike! Kitundike!" Januarius aliona kwamba akikataa ataonekana anaiogopa mizani yake mwenyewe, na karani anayeiogopa mizani yake hana kazi.

"Kisipovuta," alisema, "watasoma mpaka macho yawatoke."

Akashika kitabu kwa kamba yake ya katani, akakitundika kwenye ndoano iliyotoka kubeba gunia. Kikazunguka mara moja, kikatulia. Mstari mzima ulikunjika, watu wakasogea, shingo zikarefuka kuutazama ule uso wa duara.

Mshale haukutikisika.

Januarius aligonga kioo kwa kidole. Akagonga tena. Mtu akakohoa kama hakimu mwenye mafua, na vijana wanne kati ya watano wakashindwa kujizuia.

"Hii ni mizani ya magunia," Januarius alisema, uso umemwiva. "Ni mizani ya mizigo mikubwa. Vitu vidogo kama hivi haivioni. Hilo halimaanishi kitabu hakikuiba uzito."

Shida alikuwa anavuta pumzi ili ajibu. Lakini aliyesema alikuwa Sayi, kwa adabu zote, macho yameelekezwa chini, kwa sauti ile ile aliyomsomea mjane barazani:

"Sasa baba, kama haikioni kikining'inia peke yake mchana huu, ilikionaje kikiwa chini ya pamba?"